Maziwa badala ya mrututu dhidi ya ubwiri unga
Mkulima wa matango au maboga anayepambana na ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kama unga juu ya majani, huku akiepuka mrututu, dawa ya ukungu yenye shaba, kwa kuwa shaba hiyo haiozi bali hujilimbikiza udongoni na kudhuru minyoo, achanganye lita 1 ya maziwa na lita 9 za maji, kisha apulizie majani juu na chini mara moja kwa wiki, tangu madoa meupe ya kwanza yanapojitokeza. Apulizie asubuhi yenye jua, kwani inaaminika kwamba ni mwanga wa jua unaoyapa maziwa nguvu ya kuua ukungu. Maziwa yaliyoenguliwa mafuta ni bora zaidi, hayanuki sana. Mvua ikinyesha, arudie. Jani lililokwisha kufunikwa lote halitapona, hivyo likatwe. Kwa bakajani ya nyanya, ugonjwa unaobabua majani, dawa hii haifai kabisa. Kwa nyanya achague mbegu stahimilivu na kupanda kwa nafasi pana.