Somo: Kuziba mianya ya kivinjari kwenye kompyuta kuukuu ya nyumbani

Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu, kuanzia Chikongola hadi Mikindani, zilinunuliwa zikiwa zimekwishatumika, na bado zinafanya kazi vizuri. Uchakavu wa mashine haunitishi. Kinachonitisha ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, kilichoacha kupokea masasisho, kwa sababu hicho ndicho kinachopokea vitu kutoka kwa watu usiowajua. Mnamo Septemba 2023 iligundulika kasoro katika sehemu ya programu inayofungua picha za aina ya WebP, ambapo picha iliyotengenezwa kwa hila ilimwezesha mhalifu kuendesha amri zake bila wewe kubofya chochote. Waliokuwa na vivinjari vinavyosasishwa walipata kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro hiyo, ndani ya siku chache. Kivinjari kilichokoma kabla ya hapo kina mwanya huo hadi leo.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha soma toleo. Windows 7 ilikoma kupata viraka vya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Ukiwa ndani ya Chrome, andika chrome://version kwenye mstari wa anwani. Ukikuta namba 109, umefika mwisho wa njia, kwa kuwa toleo la 110 la Februari 2023 linahitaji Windows 10 au mpya zaidi.

Hatua ya pili: sahihisha saa. Hatua hii watu huiruka, nami naomba usiiruke. Nilipelekewa kompyuta moja ya Shangani ambayo kila ikizimwa tarehe ilirudi mwaka 2009, na hivyo kila tovuti ikaonyesha onyo kwamba cheti cha usalama si halali. Kijana wa nyumba ile alikuwa amezoea kubofya "endelea" bila kusoma, hata kwenye ukurasa wa benki. Onyo la uongo lilikuwa limemfundisha kupuuza onyo la kweli. Dawa yake ilikuwa betri ndogo ya duara, CR2032, inayokaa kwenye ubao mkuu: chomoa umeme, bana kishikizo taratibu, weka betri mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe.

Hatua ya tatu: badilisha kivinjari. Kwa Windows 7 na 8.1, chaguo ni Firefox 115 ESR (toleo linalopewa viraka kwa muda mrefu kuliko ya kawaida), inayopakuliwa kwenye tovuti ya Mozilla pekee. Mozilla imesogeza mbele tarehe yake ya kukoma zaidi ya mara moja, lakini haitaisogeza milele. Ukiona miezi mitatu imepita bila sasisho, hesabu kwamba muda umekwisha.

Hatua ya nne: punguza milango. Futa Flash Player, programu ya zamani ya kuchezeshea video na michezo ndani ya kivinjari, iliyokoma tarehe 31 Desemba 2020, pamoja na kila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) usichokumbuka kukiweka. Kisha fungua akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, na uitumie hiyo kila siku.

Hatua ya tano: hamia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ikiwa kompyuta ni ya biti 64 na ina kumbukumbu ya GB 2, au afadhali GB 4, Linux Mint ya Xfce, aina ya Linux iliyo nyepesi, itaiwezesha kupata vivinjari vya sasa. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, na hifadhi picha na nyaraka zako kabla ya kuisakinisha.

Maswali ya wanachama

*Masasi: Shikamoo mwalimu. Nina programu ya kuzuia virusi iliyolipiwa. Haitoshi?*

Marahaba. Inasaidia, lakini haizibi tundu lililo ndani ya kivinjari chenyewe. Iache iendelee kufanya kazi, kisha ufuate hatua ya tatu.

*Nachingwea: Yangu ni Windows XP, kumbukumbu MB 512. Nifanyeje, kaka?*

Ndugu yangu, hiyo itoe kwenye intaneti. Firefox ya mwisho kwa XP ilikuwa toleo la 52, lililoacha kupata viraka mwaka 2018. Itumie kuandikia barua na kutunzia hesabu za korosho, ila mambo ya benki uyafanye kwenye kifaa kinachosasishwa.

*Lindi mjini: Masasisho yanamaliza bando, kwa hiyo nimeyazima. Nimekosea, mwalimu?*

Dada, nakuelewa, lakini yawashe. Zuia kwanza video zinazojicheza zenyewe, kwani ndizo zinazokula bando zaidi. Kama hata hivyo halitoshi, pakua kisakinishi kipya cha Firefox kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, kilete kwa flashi, na ukisakinishe juu ya kile cha zamani. Alamisho na nywila zako zitabaki kama zilivyo.