Anza na gorogoro: namna ya kusoma chimbuko la maadili mkiwa kundi

Mimi huuza mahindi na maharagwe Kibuye, hapa Kisumu. Jumatatu jioni, sokoni kukishatulia baada ya pilikapilika za Jumapili, watu wanane au tisa tunakaa nyuma ya kibanda changu tukasoma waliyoyasema watu wa kale kuhusu haki. Yupo fundi baiskeli, wapo kina mama wa dagaa, yupo kijana wa boda na mwalimu mstaafu. Kama unataka kuanzisha kikao cha namna hii kwenu, fuata njia tuliyopita sisi.

Usianze na neno falsafa, wala usianze na Wagiriki. Weka gorogoro, ule mkebe wa bati tunaopimia nafaka, katikati ya watu.

Yangu ina kisa. Mwaka wangu wa kwanza sokoni niliuziwa gorogoro iliyobonyezwa kitako kuelekea ndani, nikapimia wateja nayo wiki tatu bila kuikagua. Siku moja bibi mmoja alirudi na mahindi yake, akayamwaga mbele yangu kwenye mkebe wake wa zamani. Yalipungua vidole viwili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nyathina (yaani mwanangu), hiki ni chakula cha wajukuu," kisha akasubiri. Nilimjazia. Lakini wateja wengine wa wiki zile tatu ningewapata wapi? Gorogoro ile ninayo hadi leo. Kikao cha kwanza naipitisha kwa kila mtu apapase kile kitako kwa vidole, kabla sijasoma lolote.

Hapo ndipo usome Amenemope. Alikuwa mwandishi wa serikali ya Misri aliyesimamia nafaka na vipimo vyake, na mafundisho aliyomwachia mwanawe yana sura 30 na umri wa zaidi ya miaka 3,000. Anamwambia asichezee mizani, asiharibu mawe ya kupimia, asipunguze kipimo cha nafaka, asihamishe mpaka wa shamba la mjane. Soma polepole. Wauzaji watatazamana.

Mtu atakwambia, "Lakini hayo si yamo kwenye Mithali?" Mpe Biblia aifungue. Mithali kuanzia 22:17 inafanana sana na Amenemope, na wataalamu wamelijadili jambo hilo tangu 1924. Kwetu mjadala huo ulikula jioni nzima na sikuukata. Waliokuja wakiogopa kwamba tunasoma mambo ya kipagani waliondoka wakitaka kusoma zaidi.

Wafundishe pia neno maat. Kwa Wamisri lilibeba ukweli, haki na utaratibu wa dunia kwa pamoja, na waliamini kwamba mtu akifa moyo wake huwekwa kwenye mizani, upande wa pili ukiwa na unyoya wa Maat, mungu wa kike aliyebeba jina hilohilo. Kisha warudishe kwenye lugha yetu. Adili na maadili yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusawazisha. Idl ni mzigo wa upande mmoja wa ngamia, ulio sawa na wa upande wa pili. Kijana wetu wa boda alilielewa hilo kuliko sisi sote, kwa kuwa yeye hufunga magunia ya mkaa kila siku na anajua upande mmoja ukizidi kinachofuata.

Kikao cha pili na cha tatu, igizeni kisa cha mkulima Khun-Anup. Ni hadithi ya Misri yenye karibu miaka 4,000, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Mkulima anateremka na punda wake kutafutia watoto chakula. Mtu mwenye cheo, Nemtinakht, anatandaza nguo njiani: upande huu maji, upande ule shayiri, katikati nguo, pasiwe na pa kupita. Punda anang'ata shayiri kidogo tu, na punda wote wananyang'anywa. Mkulima anamwendea msimamizi mkuu, Rensi, akamlalamikia mara tisa. Anamuuliza: mizani ya mkono hukosea? Anamwambia kwamba yeye Rensi ndiye mizani, moyo wake ndio jiwe la kupimia. Mwishowe mali ya Nemtinakht anapewa mkulima.

Kumbe mfalme alikuwa ameagiza mkulima acheleweshwe makusudi ili maneno yake matamu yaandikwe, huku familia yake ikipelekewa chakula kwa siri. Hapo simamisha igizo uwaulize: huyo mfalme alitenda haki? Kwetu mama mmoja, aliyezungushwa na kesi ya shamba miaka mingi, alisimama akasema chakula cha siri hakilipi siku za mtu alizosimama mlangoni. Tulinyamaza kwa muda.

Hammurabi, mfalme wa Babeli ya kale, msimpe jioni nzima. Jiwe la sheria zake, lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, lilipatikana Susa, mji wa kale ulioko Iran ya leo, mwaka 1901 na sasa liko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Chukua sehemu mbili tu. Ya 108: mama muuza pombe anayepunja kipimo atupwe majini. Kisha ya 196 hadi 199: ukimtoboa jicho muungwana, lako nalo litobolewe, akiwa mtu wa kawaida, unalipa mina moja (kipimo cha uzito cha zamani) ya fedha, akiwa mtumwa wa mtu, unalipa nusu ya bei yake. Waache wafanye hesabu wenyewe waone kwamba jicho lilikuwa na bei tatu. Mfalme huyohuyo alitangaza kwamba sheria zake ni za kuzuia mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Mawili hayo yaweke mezani bila kuyapatanisha.

Sasa ingia Ugiriki, na kwanza upitie kwa Hesiodos, mkulima mshairi aliyegombana na nduguye Perses juu ya urithi na akawalaani mabwana wanaokula rushwa. Huku kwetu hatahitaji maelezo.

Sokrates ndiye atakayehitaji subira. Aliishi Athene, akauawa kwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo akiwa na miaka 70, na hakuandika kitu. Alihojiana na watu sokoni, karibu na meza za wabadilishaji fedha. Wamisri walikuwa wamesema usiguse mizani. Yeye akauliza: haki yenyewe ni nini?

Namna ya kuuliza kama yeye tumeijifunza kwa kukosea. Mmoja anajibu, mmoja anauliza, wengine wanasikiliza. Anayejibu aseme analoliamini kweli, si alilolisikia kanisani au kwenye redio. Majibu yawe mafupi, na uyaandike kwenye karatasi ya katoni kila mtu ayaone. Anayecheka jibu la mwenzake aondoke.

Tumia swali lililo mwanzoni mwa Jamhuri, kitabu cha Platon, mwanafunzi wa Sokrates. Mzee Kefalos anasema haki ni kusema kweli na kurudisha cha watu. Sokrates anamuuliza: rafiki akikuachia silaha akiwa na akili timamu, kisha aje kuidai akiwa amerukwa na akili, utamrudishia? Sisi tulisema panga. Fundi baiskeli alijibu, "Namrudishia, ni lake." Nikamuuliza, "Na mkewe yuko nyumbani?" Akakaa kimya, akafuta jibu lake kwenye katoni kwa mkono wake mwenyewe, akaandika jingine, na hilo nalo likavunjika. Wiki nzima alipita kibandani kwangu na majibu mapya. Ukiona mtu anafanya hivyo, kikao kimefaulu, hata kama hamjapata jibu.

Mwisho msome Aristoteles, mwanafunzi wa Platon: sehemu ya pili ya kitabu chake Maadili ya Nikomako, kurasa za mwanzo tu. Anasema tunakuwa wajenzi kwa kujenga, wapiga kinubi kwa kupiga kinubi, na waadilifu kwa kutenda haki. Jioni hiyo hatujadili sana. Kila muuzaji anakuja na kipimo chake, tunamimina mahindi ya mkebe mmoja kwenye mwingine, na muuza samaki analeta mizani yake. Kipimo kilichopungua kinanyooshwa papo hapo. Nyundo tunaazima kwa mafundi wa jua kali. Mara ya mwisho tulinyoosha viwili.