Kuosha trekta baada ya msimu wa kulima

Katika mashamba ya Kongwa, Chamwino na Bahi mkoani Dodoma, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu na maji ni ya kuhesabu ndoo, ninashauri usafi wa trekta uanze pakavu: udongo uliogandamana ukwanguliwe kwa kipande cha ubao, kisha vumbi lifagiliwe kwa brashi ngumu kabla ya tone la maji kumwagwa.

Injini iachwe ipoe kabisa, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa juu ya chuma chenye moto mkali yanaweza kukipasua. Mdomo wa ekzosi na njia ya hewa vifunikwe kwa mfuko wa plastiki, na alteneta (inayochaji betri) na stata (inayowasha injini) zisielekezewe maji ya presha.

Sehemu ninayoisisitiza zaidi ni rejeta, yaani kifaa kinachopoza maji ya injini, maana vumbi letu jekundu likichanganyika na makapi ya alizeti huziba matundu yake, na injini huchemka katikati ya shamba hata kama maji yamejaa. Isafishwe kwa upepo au maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Presha kubwa hukunja vibati vyembamba vya rejeta, na kuvinyoosha ni kazi ya kuchosha sana.

Trekta likikauka, pigeni grisi mpya kila kiungio siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyopenya humo huanzisha kutu.