Shamba la sola la megawati 5 mashambani Ufaransa: kazi huanzia udongoni

Megawati 5 huhitaji takriban hekta 5 na paneli 10,000 za wati 500. Mradi wa ardhini wa ukubwa huu lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na kibali cha ujenzi hutoka kwa prefe, mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa. Ardhi ikiendelea kulimwa chini ya paneli, amri ya Aprili 2024 inataka mavuno yasishuke chini ya asilimia 90 ya yale ya kipande cha kulinganishia kisicho na paneli. Waulize Enedis, kampuni inayosambaza umeme sehemu kubwa ya Ufaransa, mapema kuhusu kuunganishwa na laini yao ya kilovolti 20. Kituo cha umeme cha karibu kikiwa kimejaa, kebo ndefu inaweza kuua hesabu zote.

Sasa nguzo zinazobeba paneli, maana hapo mradi unaweza kuharibikia. Usiagize chuma kabla ya majaribio. Pigilia nguzo chache mita 1.5 hadi 2 katika kila aina ya udongo, kisha zivute juu na pembeni kwa mashine yenye kipimo cha nguvu. Kwenye miamba ya chokaa, kama ile ya nyanda za juu za Causses kusini mwa Ufaransa, nguzo hugoma kuingia au hupinda. Toboa kwanza, kisha jaza shimo kokoto au zege. Udongo wa mfinyanzi una tabia yake: kiangazi husinyaa na kuiachia nguzo sehemu ya juu, kwa hiyo hesabu mshiko wa chini pekee.

Nguzo iliyogoma isikatwe kichwa ili ilingane na wenzake. Kwa macho itaonekana sawa, lakini mshiko haupo, na upepo ukiingia chini ya paneli utaing'oa. Tena pale ilipokatwa, zinki inayokinga chuma imeondoka, kutu itaanzia hapo. Ing'oe, toboa, uirudishe.

Mvua za baridi zikilainisha shamba hadi matairi yanachimba mifereji, simamisha mashine. Udongo ulioshindiliwa haupitishi maji, na nyasi huchelewa kurudi. Kwenye mitaro ya kebo, udongo wa juu uwekwe kando peke yake na urudishwe wa mwisho.

Idadi ya juu ya paneli katika mnyororo mmoja, yaani paneli zilizoungwa moja baada ya nyingine, hupangwa kwa baridi, si kwa joto, kwa sababu volti hupanda paneli inapopoa. Chukua paneli ya volti 50 kwenye nyuzi 25, inayopanda asilimia 0.25 kwa kila nyuzi inayoshuka. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hufika volti 54.4. Mfumo wa volti 1,500 hapo hubeba paneli 27. Ya 28 inaweza kuunguza inveta, mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kuingia kwenye gridi, alfajiri ya Januari.

Konekta zinazochomekana ziwe za mtengenezaji mmoja na aina moja. Za kuchanganya huingiana vizuri, kisha hupata moto taratibu hadi ziyeyuke. Pima insulesheni ya kila mnyororo kabla ya kuunga inveta.

Kondoo wakilishwa chini ya paneli, ukingo wa chini wa paneli uwe angalau mita 1 kutoka ardhini na kebo zifungwe juu. Mbuzi wasiingie: hupanda paneli na kutafuna kebo.