Somo: Kumfundisha mtoto mdogo lugha ya kigeni kwa simu, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu, somo hili ni la wenye watoto wa miaka 2 hadi 6, ambao bado hawajui kusoma. Nimeipita njia hii na wanangu wawili, na kwa wa kwanza nilikosea. Binti yangu alikuwa na miaka 4, akigusa rangi zote za Kifaransa kwenye tableti bila kukosea hata moja. Siku moja nikalishika shati lake nikamuuliza rangi yake kwa Kifaransa. Akanitazama tu. Kumbe alijua mahali pa kugusa, rangi yenyewe hakuijua. Tangu hapo simu naichukulia kuwa chombo cha kutoa sauti. Kazi ya kufundisha ni yangu.

Hatua ya 1: Tazama umri

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Saa hiyo inahesabu katuni za runinga pia. Kwa lugha, dakika 10 hadi 15 zinanitosha.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa masikio

Ifungue peke yako kwanza, mtoto akiwa amelala. Sikiliza kama sauti ni ya mtu aliyezaliwa na lugha hiyo au ni ya mashine, maana mtoto ataiga kile kile anachokisikia. Mimi hupima kwa maneno yanayokaribiana. Kwa Kifaransa, rue ni barabara na roue ni gurudumu. Kwa Kiarabu, qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Programu inayoyatamka kana kwamba ni neno moja, ifute.

Kisha angalia kama inadai kusoma. Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, imejaa sentensi za kusoma na kuandika: itakufaa wewe mzazi, si mtoto wa miaka 3. Duolingo ABC nayo ni ya kufundisha watoto kusoma, hivyo usiichukue ukidhani ni somo la lugha ya kigeni. Na yoyote inayokatiza mchezo kwa matangazo, achana nayo.

Hatua ya 3: Funga milango

Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya usalama, kuna sehemu ya kubandika programu moja ili mtoto asitoke humo. Kwenye iPhone na iPad kipengele hicho kinaitwa Guided Access. Weka nywila kwenye ununuzi. Ruhusa ya maikrofoni itoe tu kama programu inamsikiliza mtoto akitamka.

Hatua ya 4: Kaa naye

Hapa ndipo wengi tunapokimbia. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 9 waliosikilizishwa Kichina kwa vipindi 12. Waliokaa na mtu ana kwa ana walijifunza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliosikilizishwa kwa video au kwa sauti tupu hawakujifunza. Naukumbuka utafiti huo kila ninapotamani kumwachia mtoto simu nikaendelee na shughuli zangu.

Kukaa naye si kumlinda tu. Picha ikitokea, zuia kidole chake kwa muda mfupi: "Hii inaitwaje?" Asubiri, ajaribu, ndipo aguse. Neno likitamkwa, lirudieni wote wawili kwa sauti. Maneno 5 kwa wiki yanatosha kabisa. Programu itakusukuma uende mbele, usikubali.

Hatua ya 5: Zima simu, litumieni neno

Iwe siku hiyo hiyo. Kama mmejifunza rangi, zitafuteni kwenye nguo. Viungo vya mwili vinangoja wakati wa kuoga. Vitenzi ndivyo vitamu zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kukuamuru: kaa, simama, ruka, funga mlango. Mtii kila anapopatia! Mwanangu wa pili alipogundua kwamba "assieds-toi" inanikalisha chini, alilisema neno hilo mpaka usingizi ukamchukua.

Ukiwa na ndugu au rafiki anayeijua lugha hiyo, mpigieni kwa video. Mtu anayemjibu mtoto papo hapo ni tofauti kabisa na video iliyorekodiwa.

Maswali

*Asante kwa somo, mkuu. Mimi mwenyewe sijui hata neno moja la lugha hiyo. Nitakaaje naye?*

Kaa kama mwanafunzi mwenzake. Utamkaji iachie programu, nawe jaribu kwa sauti mbele yake. Akikurekebisha, mshukuru. Kazi yako ni hatua ya 5, na hiyo haihitaji ufasaha.

*Wangu ana miaka 3, anachanganya lugha mbili kwenye sentensi moja. Niache?*

Usiache, dada. Kuchanganya ni kawaida kwa watoto wa lugha mbili. Endelea kuzungumza naye lugha ya nyumbani kwa wingi. Ila kama anachelewa kusema hata katika lugha hiyo ya nyumbani, mpeleke kwa mtaalamu wa afya amwangalie.

*Nikizima simu ni kilio. Nifanyeje?*

Mtangulizie habari: "Yamebaki maneno mawili." Mwache azime yeye mwenyewe, kisha ingieni moja kwa moja kwenye mchezo wa kuamrishana. Kilio kikiendelea kila siku, pumzisheni simu wiki nzima mbaki na maneno mliyonayo.

*Mwezi umeisha, hajatamka neno. Nimepoteza muda?*

Hapana, ndugu yangu. Watoto wengi husikiliza muda mrefu kabla ya kusema. Usimlazimishe kutamka. Mwambie kwa lugha hiyo akuletee kiatu, bila kukionyesha kwa kidole wala kwa macho. Akikileta, neno analo.