Kuvusha mzigo mdogo kwenda Kenya bila ushuru wa forodha

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kuuza Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro aanze kwa kuuliza bidhaa yake imetoka wapi, kwa maana Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, huondoa ushuru kwa bidhaa zinazotimiza vigezo vya uasili, yaani vya kuonyesha kuwa zimetoka ndani ya jumuiya, si kwa kila kilichonunuliwa Dar es Salaam. Mchele wa Kyela unapita bila ushuru huo. Kitenge kilichochapwa China hakipati msamaha huo, hata kama risiti ni ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huombewa cheti rahisi cha uasili kwa ofisa forodha mpakani. Cheti hicho hakifuti kodi nyingine, wala hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea kwa mazao.

Mvushaji naye agongewe muhuri wa Uhamiaji. Ruhusa ya kuingia si kibali cha kufanya kazi, na hapa ndipo soko huria linapombana maskini: mchele wake huvuka kwa wepesi kuliko nguvu kazi yake. Njia za panya aziepuke, kwani mzigo ukikamatwa mtaji wote unaweza kupotea.