Jitengenezee antena ya diskoni, moja tu inashika masafa kibao

Kama una skana (redio ya kupekua masafa) au redio ya SDR (ile inayofanya kazi kwa programu ya kompyuta) na kila ukihama masafa inabidi ubadilishe antena, tengeneza diskoni. Sahani juu, koni chini, basi, na ukiipatia inabeba kuanzia masafa uliyoipimia mpaka karibu mara 10 yake.

Anza na masafa ya chini kabisa unayotaka. Chukua 75 gawanya kwa megahezi, unapata robo ya wimbi kwa mita, huo ndo urefu wa ubavu wa koni. Mimi nikitaka mawasiliano ya ndege, yanayoanzia megahezi 118, napigia hesabu 110, maana chini ya kipimo chako diskoni inakata ghafla kwahiyo jiachie nafasi. 75 kwa 110 ni kama sentimita 68. Upana wa sahani ni 0.7 ya hapo, yani 48.

Bati zima si lazima, vijiti 8 vya koni vya sm 68 na 8 vya sahani vya sm 24 (nusu ya upana, kutoka katikati) vinatosha. Shaba ndo naipenda kwasababu inashika solda, alumini haishiki solda ya kawaida, hiyo funga kwa nati.

Koni iwe nyuzi 60. Pima tu kutoka ncha ya chini ya kijiti hadi ncha ya chini ya kile kinachokitazama upande wa pili, ikicheza kwenye 68 mpaka 70 pembe imekaa sawa.

Sasa pale katikati ndo penye kazi yenyewe. Waya wa ndani wa koaksi (kebo ya antena yenye wavu kuzunguka waya wa kati) unaenda kwenye sahani, wavu wake kwenye koni, na kati ya sahani na koni weka plastiki ya kama milimita 5, visigusane kabisa. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa kimya siku mbili nzima, nikafungua redio nikafunga, kumbe kauzi kamoja ka wavu, kembamba kama unywele, kamegusa sahani. Piga malitimita (kipimo cha umeme, iweke kwenye ile ya mlio) kabla hujapandisha, ikilia kati ya sahani na koni kuna shoti.

Tumia koaksi ya omu 50, ziba maungio maji yasiingie, isimamishe wima juu uwezavyo. Na ujue inaleta kila kitu mpaka redioni, stesheni ya FM ikiwa karibu itazidi nguvu na kufunika zile dhaifu, hapo weka filta ya kukata FM kabla ya redio.